Mfuko Unaooza, Mbona Unachanika?

Aprili 2024, mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa siku 90 kwa taasisi na kaya kuanza kutumia mifuko inayooza kwa asilimia 100 katika kukusanya taka za jikoni. Tangu hapo malalamiko ni yaleyale: mifuko yenyewe ghali, inachanika, na hakuna mwenye hakika kama kweli inaoza. Tanzania mjadala huu si mgeni, maana rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku Juni 2019. Rwanda walitangulia wote kwa sheria ya 2008. Mtu ananunua mfuko wenye picha ya jani la kijani, anatia maganda ya ndizi na makombo ya ugali, anaunyanyua, kitako kinabaki sakafuni. Hitimisho linakuja papo hapo: kinachooza lazima kiwe dhaifu.

Hitimisho hilo si sahihi. Plastiki huoza kwa sababu ya aina ya vifungo vya kemikali vilivyomo ndani ya molekuli zake. Mifuko hii ikichanika mapema, chanzo mara nyingi ni kingine kabisa: imetengenezwa kwa plastiki mbili au tatu zilizochanganywa, nazo hazishikani vizuri pale zinapokutana. Ni tatizo la mpaka, na mpaka huo unarekebishika. Maabara nyingi duniani zinafanya kazi hiyo kwa sasa, na ndiyo inayotofautisha mfuko wa kubeba taka na mfuko wa kupigia picha.

Kwanza maneno, maana hapa ndipo wauzaji wanapojificha.

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, mnyororo wa maelfu ya pingili. Wanga wa muhogo ni polima. Nyuzi za katani ni polima. Plastiki ni polima iliyoandaliwa ili iyeyuke na kufinyangwa. Tunaposema plastiki inaoza, maana yake bakteria na kuvu wanaweza kuila mpaka ikabaki maji, hewa ya ukaa na miili ya vijidudu wenyewe. Penye uhaba wa oksijeni hutoka pia gesi ya methani. Kusema plastiki inafaa kwa mboji ni dai kali zaidi, kwa kuwa linaweka muda na joto maalumu. Na kusema inatokana na mimea ni kutaja asili yake tu. Kampuni ya Braskem ya Brazili inatengeneza polithini, plastiki ya mifuko ya kawaida, kwa miwa tangu 2010, na polithini hiyo haiozi hata kidogo, kwa sababu molekuli yake ni ileile ya polithini ya petroli. Upande wa pili, ipo plastiki ya petroli inayooza. Tutaifikia sasa hivi.

Wawili wenye tabia tofauti

Polima inayotajwa zaidi ni asidi ya polilaktiki, kwa kifupi PLA. Sukari ya miwa au ya wanga wa mahindi huchachushwa na bakteria, inapatikana asidi ya laktiki, ileile inayoyafanya maziwa ya mgando yawe makali, kisha molekuli za asidi hiyo huunganishwa kuwa minyororo. Kiwanda kikubwa cha NatureWorks huko Blair, Nebraska, kilianza kazi 2002 kwa kutumia mahindi. Rayong nchini Thailand kipo kingine kinachotumia sukari ya miwa. PLA ni angavu, ngumu na ina nguvu. Ubaya wake ni kwamba haivutiki: ukanda wa sentimita 10 ukirefuka kwa nusu sentimita hivi, unakatika ghafla. Tena hulainika ikikaribia nyuzi joto 60, ndiyo maana kikombe cha PLA ya kawaida hujikunja ukikitia chai ya moto.

Ya pili ni PBAT. Jina lake kamili ni refu kuliko manufaa yake kwetu, tuliache. Kampuni ya BASF ya Ujerumani iliingiza aina yake sokoni 1998, na malighafi yake kwa sehemu kubwa ni ya petroli. Hata hivyo inaoza. Mwaka 2018 watafiti wa ETH Zurich walifukia kwenye udongo PBAT ambayo kaboni yake ilikuwa na alama ya kuitambulisha, kisha wakaikuta kaboni hiyo ndani ya miili ya vijidudu. Hapo hatusemi imepasuka vipande, imeliwa. Kwa kuvutika, PBAT haina mfano: ukanda wa sentimita 10 unaweza kupita nusu mita kabla ya kukatika. Kasoro yake ni ulegevu. Ukakamavu wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya ule wa PLA, na mzigo inaoweza kubeba kwa unene uleule ni karibu theluthi.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya mtaani huyafanya kitu kimoja. Nguvu ni mzigo mkubwa kabisa ambao kitu kinaweza kubeba. Ustahimilivu ni kiasi cha nishati kinachoweza kumeza kabla ya kupasuka, yaani mzigo pamoja na umbali kilivyovutika. PLA ina nguvu lakini ustahimilivu wake ni mdogo. PBAT ina nguvu ya kiasi na ustahimilivu mkubwa. Mfuko wa taka unahitaji vyote viwili: usinyong'onyee ukiujaza, na kona ya pakiti ya maziwa isiufungue kama zipu.

Jibu la haraka ni kuchanganya. Na kweli, mifuko mingi ya mboji duniani ni PBAT iliyotiwa PLA, wanga, au vyote pamoja. BASF wenyewe walianza kuuza mchanganyiko wa PBAT na PLA 2006. Ila kuzitia polima mbili katika mashine moja ni jambo moja, na kupata kitu kimoja ni jambo jingine.

Tui likikatika

Anayepika wali wa nazi anajua kwamba tui halitaki kuachwa. Tui ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, kila tone likiwa limezungukwa na protini za nazi zinazolizuia kuungana na jirani yake. Likichemka bila kukorogwa, joto huziharibu protini hizo, matone yanakutana na kuwa makubwa, tui linakatika: mafuta juu, maji chini.

PLA na PBAT zikiyeyushwa pamoja huwa katika hali hiyohiyo, ila bila protini. Mashine yenye skrubu mbili zinazozunguka huzisaga na kuzikoroga kwa nguvu kwenye joto la nyuzi 180 hivi, ile iliyo chache inakatwakatwa kuwa matone ndani ya iliyo nyingi. Ukorogaji ukipungua, matone huanza kuungana upya. Kisha mchanganyiko unapoa na kuganda, na ukubwa wa matone unabaki pale ulipofikia.

Kwa nini zisichanganyike moja kwa moja kama sukari na maji? Molekuli ndogo zikitawanyika hupata njia nyingi mno za kujipanga, na maumbile huelemea kwenye hali yenye njia nyingi. Katika mnyororo mrefu, maelfu ya vipande vimefungwa pamoja. Kimoja hakiwezi kwenda huku na kingine kule. Faida ya kutawanyika inakuwa ndogo sana, kiasi kwamba hata kutopendana kidogo kwa kemikali kunatosha kuzitenga. Paul Flory na Maurice Huggins waliiandika hesabu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1940, kila mmoja kivyake, na Flory akaja kupata Tuzo ya Nobeli ya Kemia 1974 kwa kazi zake juu ya polima. Kwa hiyo plastiki mbili kutochanganyika si uzembe wa kiwanda. Ndiyo hali ya kawaida, na jozi zinazochanganyika zenyewe ndizo chache.

Ukubwa wa matone si jambo dogo. Bila msaada wowote, matone ya mchanganyiko huu yanaweza kuwa na upana wa mikromita kadhaa (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sasa chukua mfuko wenye ukuta wa mikromita 20. Tone la mikromita 5 ni robo nzima ya ukuta! Kama halikushikana vizuri na kilicholizunguka, pale pana tundu linalosubiri kuvutwa.

Hapo mfano wa tui unaishia, kwa sababu hakuna anayelivuta tui. Mfuko unavutwa. Katika plastiki haitoshi matone yawe madogo. Lazima pia yashikane na mwenzake. Kwenye mpaka wa PLA na PBAT, minyororo ya upande mmoja huingia upande wa pili kwa kina cha nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), kifupi mno kuweza kusukana. Nguvu ikipita hapo, mpaka unaachia, ufa unaanza, na kwenye PLA ufa ukishaanza haurudi nyuma.

Kipatanishi

Kinachohitajika ni kile ambacho protini inafanya kwenye tui, na zaidi: kitu cha kukaa mpakani, kuzuia matone yasiungane, na kuzifunga pande mbili pamoja. Tukiite kipatanishi.

Njia ya kwanza kuwazika ni kutengeneza mnyororo ambao nusu yake inapendana na polima ya kwanza na nusu nyingine na ya pili, kisha kuutia kwenye mchanganyiko. Kwenye karatasi ni njia safi. Kiwandani ni ghali, na minyororo hiyo ina tabia ya kujikusanya yenyewe kwa yenyewe katikati ya polima moja badala ya kwenda mpakani ilikotumwa.

Iliyoshinda kibiashara ni kukitengeneza kipatanishi palepale, ndani ya mashine, wakati plastiki zimeyeyuka. PLA na PBAT zote ni poliesta, yaani polima ambazo pingili zake zimeshikwa na vifungo ambavyo maji yanaweza kuvikata, na miisho ya minyororo yao ina vikundi vya asidi na vya haidroksili. Ukiongeza molekuli ndogo yenye vikundi kadhaa vya epoksidi, yaani pete ndogo za atomu zinazofunguka na kuungana upesi, kikundi kimoja hudaka mwisho wa mnyororo wa PLA, kingine hudaka wa PBAT. Mnyororo chotara umezaliwa, tena umezaliwa mpakani, kwa kuwa hapo ndipo pande mbili zinapokutana. Kinachotumika ni kidogo ajabu: mara nyingi chini ya sehemu moja kwa mia ya uzito. Matone hushuka hadi chini ya mikromita moja, na yanashika.

Epoksidi hizo zina faida ya pili isiyosemwa sana. PLA huchukia unyevu. Ikiyeyushwa ikiwa na maji ndani yake, hata kiasi kidogo, maji huikata minyororo na kuifanya mifupi, na polima yenye minyororo mifupi ni dhaifu. Viwanda makini huikausha mpaka unyevu uwe chini ya sehemu 250 katika milioni kabla haijaingia mashineni. Kwa miji yetu ya pwani, ambako hewa yenyewe ni kama kitambaa kibichi, hatua hii pekee inaweza kuamua ubora wa mfuko. Epoksidi huunga baadhi ya minyororo iliyokatika, na hivyo hurekebisha sehemu ya madhara. Ukizidisha, minyororo hufungana ovyo pande zote, yanatokea madonge yasiyoyeyuka, na filamu, yaani utando mwembamba wa mfuko, inatoka na chunjua ambazo ndizo zitakazochanika kwanza.

Zipo njia nyingine. Peroksidi, kemikali inayochochea minyororo iungane, ni rahisi na ya bei nafuu, ila hairatibiki vizuri na huleta madonge upesi. Chembe ndogo za udongo wa mfinyanzi au nyuzinyuzi za selulosi, zikisagwa hadi kiwango cha nanomita, zinaweza kukaa mpakani na kuzuia matone yasiungane. Mafuta ya soya yaliyotiwa epoksidi hulainisha na kupatanisha kwa wakati mmoja. Hata kardanoli, kimiminika kinachotokana na maganda ya korosho, imejaribiwa maabara kama kilainishi cha PLA. Watu wa Mtwara wanaochoma maganda hayo wangependa kusikia hivyo, ingawa kutoka maabara hadi kiwandani ni safari ndefu.

Na muhogo je?

Kila baada ya muda inasambaa video ya mtu anayeyeyusha mfuko wa wanga katika glasi ya maji na kuunywa. Inavutia. Swali la kumuuliza ni kwamba atabebaje samaki wabichi.

Wanga ukipikwa pamoja na gliserini huwa plastiki, na ni wa bei nafuu kuliko PLA au PBAT, jambo linaloufanya uwe kivutio kwa nchi zinazolima muhogo kwa wingi. Lakini wanga hupenda maji na poliesta huyakataa, kwa hiyo mpaka kati yao ni mbaya kuliko ule wa PLA na PBAT. Tena gliserini huhama polepole, minyororo ya wanga hujipanga upya, na filamu iliyokuwa laini siku ya kwanza inakuwa kavu na ya kukatika baada ya wiki kadhaa. Kipatanishi kinachotumika sana hapa ni kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki: hupachikwa kwenye mnyororo wa poliesta, kisha hufungana na vikundi vya haidroksili ambavyo wanga umejaa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi kwa kanda yetu. PLA ya kuagiza itatufikia na bei yake ya dola, wanga tunao. Italia, nchi iliyozuia mifuko isiyooza tangu 2011, imejenga soko lake kwa kiasi kikubwa juu ya michanganyiko ya wanga na poliesta, kwa hiyo si ndoto.

Kuvuta taratibu na kuangusha

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata wanunuzi wa kampuni. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State walichanganya PLA na PBAT kidogo, isiyozidi sehemu 20 kwa mia, bila kipatanishi chochote, wakaivuta. Badala ya kukatika ghafla, ikavutika sana. Matone yalikuwa yakiachia kidogo, na PLA iliyobanwa kati ya tone na tone ikapata nafasi ya kunyooka badala ya kupasuka. Nishati ikatumika katika eneo pana badala ya kukusanyika kwenye ncha ya ufa mmoja.

Ina maana kipatanishi si lazima? La. Kipimo kile ni cha kuvuta taratibu. Walipokipiga kipande kwa ghafla, uimara uliongezeka, lakini haukufika popote karibu na ongezeko lile la kuvutika. Maisha ya mfuko ni ya ghafla: unanyanyuliwa kwa mkono mmoja, unaangushwa kwenye toroli, mwiba wa samaki unachoma kutoka ndani. Muuzaji akikuvutia ukanda mbele ya macho yako, polepole, kwa tabasamu, amekuonyesha kipimo rahisi. Mwambie autie kilo tatu za maganda mabichi autikise.

Jambo la kushangaza ni kwamba mshikamano uliopitiliza nao una hasara. Matone yakishikamana kabisa na PLA na yakawa madogo mno, hayaachii wala kupasuka ndani, na PLA haipati nafasi ya kunyooka. Kwa hiyo lengo la mhandisi ni ukubwa wa wastani na mshiko wa wastani. Hilo hupatikana kwa kujaribu, si kwa kanuni moja.

Ukiiimarisha, bado itaoza?

Hofu hii ina msingi. Minyororo iliyofungwafungwa inaweza kuwachelewesha vijidudu, na baadhi ya vipatanishi vyenyewe haviozi. Kiwango cha Ulaya kinachotumika sana, EN 13432, kimeliona hilo: kila kiambato kisichothibitishwa kuoza kisizidi asilimia 1, na vyote kwa pamoja visizidi asilimia 5. Asilimia 90 ya kaboni ya bidhaa lazima igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi sita, na baada ya wiki 12 vipande vinavyobaki juu ya chekeche ya milimita 2 visizidi asilimia 10. Kipatanishi cha nusu asilimia kinaenea humo bila shida.

Ila soma kiwango chenyewe kwa makini. Joto lake ni nyuzi 58 hivi, joto la kiwanda cha mboji. Jalala la Dandora la Nairobi si kiwanda cha mboji, la Pugu Kinyamwezi la Dar es Salaam si kiwanda cha mboji, na Bahari ya Hindi haifiki nyuzi 58. Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliacha mifuko ya aina mbalimbali udongoni, baharini na hewani kwa miaka mitatu. Matokeo yao ya 2019: mfuko ulioandikwa kuwa unaoza bado uliweza kubeba vitu vya dukani baada ya miaka mitatu udongoni au baharini. Ule wa mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni ulikuwa bado upo baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba mzigo.

Usichanganye hayo na plastiki ya kawaida iliyotiwa chumvi za metali ili ivunjike juani. Hiyo husambaratika kuwa vipande vidogo, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku Julai 2021. Ikitangazwa kwako kama inayooza, rudisha.

Kwa mnunuzi wa kawaida, alama za kutafuta ni mbili: namba ya kiwango, EN 13432 au inayolingana nayo, na kwa anayetengeneza mboji uani kwake, cheti cha mboji ya nyumbani, ambacho hupimwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 30. Picha ya jani si cheti.

Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Poliesta hizi huanza kukatwa na unyevu na joto zikiwa bado kwenye rafu, na roli iliyokaa stoo ya bati Mombasa mwaka mzima imeshapoteza sehemu ya ustahimilivu wake kabla haijafunguliwa. Nunua ya kutosha miezi michache, itunze kwenye kivuli pakavu, mbali na jiko. Taka za maji zichujwe kwanza, na mfuko usikae ndani ya ndoo zaidi ya siku mbili tatu, kwa sababu vijidudu wa jikoni hawasubiri ufike jalalani.